Nilivyoulizwa Gikondo kama yule mwandishi wa Marekani alirudi kwa mama yake

Wakuu, habari za jioni. Hiki ni kisa changu mwenyewe na sijakitia chumvi. Mahali nitakapoonekana mjinga, ndivyo nilivyokuwa.

Niliamka asubuhi moja Kahama nikaona sina sababu ya kubaki. Nikafunga begi, nikaenda yanakoegeshwa malori, nikapanda la kwanza lililonikubali. Lilikuwa la Kigali. Lingekuwa la Tunduma, leo ningeandika kutoka Tunduma.

Shule niliacha darasa la sita, ila kusoma sijaacha. Kwenye begi nilikuwa na kitabu cha maisha ya mwandishi mmoja wa riwaya wa Marekani. Jina lake naliacha, maana sitaki uzi uishie kwenye ubishi juu yake.

Jamaa aliacha shule kama mimi. Akaondoka kwao bila kuaga, akabeba mizigo bandarini, akavuna mashamba ya watu, halafu akayaandika yote. Dunia nzima ikamjua. Nilimwona kama kaka yangu.

Dereva alinishusha Gikondo, mtaa mmoja wa Kigali, Jumamosi alfajiri. Kulipokucha nikashangaa. Gereji zimefungwa, maduka yamefungwa, hakuna basi wala pikipiki. Nikadhani kuna msiba mkubwa.

Kumbe ni umuganda. Kwa msiojua, Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wa kila mtaa wanatoka kufanya kazi za pamoja, na mji unasimama mpaka wamalize. Askari aliniona nazurura na begi, akanipeleka kwenye kundi lililokuwa linazibua mtaro. Nikapewa jembe.

Pembeni yangu alikuwa mama mmoja fundi cherehani, wanamwita Mama Idi.

"Wewe Mtanzania, mbona unashika jembe kama mwiko?"

"Mama, nimesafiri na njaa."

"Njaa haitazibua huu mtaro. Inama!"

Kazi ilipoisha tukakaa kwenye mkutano wa mtaa, na hapo ndipo nilipokwama. Mgeni anasimamishwa, anajieleza, na kiongozi lazima ajue amefikia kwa nani.

Nikataja jina. Nikataja Kahama.

"Sawa," kiongozi akasema kwa Kiswahili cha huko. "Na leo iko nalala wapi?"

Macho yote kwangu.

"Analala kwangu," akasema Mama Idi.

"Mama Idi, umepata mume?" mtu akadakia, watu wakacheka.

"Nimepata mtoto, sha," akamjibu; sha yao ni kama "rafiki" yetu. "Kaa chini."

Chumba chenyewe kiko uani. Kitanda kimetandikwa, mashati mawili ya kiume yako msumarini, na chini kuna viatu vilivyofutwa vumbi. Akaniambia ni chumba cha Idi, mwanawe. Aliondoka na malori ya Lusaka, simu yake haipatikani tena. Wapangaji wote amewakatalia, anawaambia mwenyewe yuko njiani.

"Wewe nimekuonea huruma kwa sababu ya hilo begi," akasema. "Yeye pia aliondoka na moja tu."

Nilipotoa kitabu akauliza kinahusu nini. Nikamsimulia kwa raha zangu zote: bandari, mashamba, sifa. Alisikiliza akiwa ameshika mlango.

"Na kwa mama yake alirudi?"

Wakuu, jibu nililijua. Kwenye kitabu kizima mama yake anatokea mara mbili: siku mwanawe anapotoroka, na siku anaposoma gazetini kwamba mwanawe amefia kwenye chumba cha kupanga. Kurasa hizo nilizipita haraka, nikitafuta safari.

Nilifungua mdomo nidanganye. Lakini alinitazama kama mtu aliyekwisha kufarijiwa kwa uongo na wengi.

"Hapana, mama. Hakurudi."

"Yego," akasema polepole, yaani ndiyo, kama anayekubali jambo aliloambiwa zamani.

Akaingia, akatoa mashati msumarini, akayakunja. Viatu akaviacha.

"Tundika begi lako hapo. Chakula kikiiva nitakuita."

Nimekaa kwenye kitanda cha Idi naandika haya, na moyo mzito. Nilichojifunza: sisi wa barabarani tunahesabu miji tuliyofika, na kuna mtu nyumbani anafuta vumbi viatu vyetu. Sijui kama nilifanya vema kumwambia ukweli. Nyinyi mngemjibu nini? Semeni, hata mkinilaumu nitasoma.

Na kama kuna dereva humu wa njia ya Lusaka anayemjua Idi wa Gikondo, mrefu, ana kovu la pasi mkononi, amwambie mashati yamekunjwa. Viatu bado viko chini ya kitanda.