Goti la Suruali Yangu

Darasa la sashiko, ushonaji wa mkono wa Kijapani ambao mishono yake hutakiwa ionekane, lilikuwa mjini Rockville kila Jumamosi. Wenzangu walikuja na suruali mpya kabisa, wakazichana kwa mkasi ili wapate pa kutia kiraka. Mimi nilikuja na suruali yangu ya kazi, iliyochanika gotini kwa kusugua sakafu za hoteli. Mwalimu aliushika ule mchaniko kwa heshima. "Huu ni wa kweli," alisema, na wote wakanionea wivu.

Nilishona wiki tatu, uzi mweupe juu ya buluu, mishono midogo kama punje za mchele. Mwalimu akasema niilete Jumamosi ya mwisho, itundikwe kwenye maonyesho yetu. Hakuna kitu changu kilichowahi kutundikwa popote. Nikaanza kujiona nina duka.

Asubuhi ya maonyesho nilimkuta shangazi, ninayeishi kwake, ameshika wembe. Alikuwa ameifumua kazi yangu yote na kuishona upya kwa uzi wa buluu.

"Mwanangu, uende mbele za watu na kiraka kinapiga kelele? Si watasema nakutesa!"

Kwenye maonyesho mwalimu aliitafuta ile mishono gotini, akavaa miwani, akatafuta tena. "Sioni kitu," alisema kwa huzuni, akatundika suruali ya mwingine.

Niliporudi, shangazi alikuwa mlangoni. "Haya, wamesemaje?"

"Mwalimu hakuona kitu, shangazi. Hata kwa miwani."

Alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Nikapiga naye.