Mbuzi wa Yunivasiti

Baba huuza vifaa vya ujenzi hapa Kitengela. Wiki ile matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, alienda Kisaju kumpelekea mteja simiti, akarudi na mbuzi nyuma ya pikapu. Alikuwa dume aliyehasiwa, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, mwenye sura ya karani aliyekatizwa chai yake.

"Hii mbuzi," Baba akatangaza kabla hata hajazima injini, "ni ya kuingia yunivasiti."

Aliyemuuza ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mzee Msomali mfanyabiashara wa mifugo mwenye zizi huko Kisaju, ambaye mtaa mzima humwita Haji. Walikuwa wameshapatana: mbuzi atalishwa anenepe, na siku ya karamu Haji atamchinja kwa mkono wake mwenyewe ili watu wa nyumbani kwake nao wale bila wasiwasi. Kuchoma kungekuwa kazi ya Baba. Kazi yangu mimi binti yake ilikuwa kuingia yunivasiti, na hiyo kila mtu aliiona kuwa ndiyo rahisi kuliko zote.

Miezi ikapita, mbuzi akajaa. Wateja dukani wakawa wanamuuliza Baba, "Anaendeleaje?" naye anawajibu, "Anakula vizuri," na mimi niliyesimama pale kando sikujua ni nani kati yetu anayejuliwa hali.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea biashara katika chuo kimoja upande wa pili wa Nairobi. Shangazi yangu wa Tuala ana kijana anayesoma hukohuko, nikaenda kumtembelea nionje maisha. Nilimkuta saa sita mchana kitandani, anakula mkate mkavu, akaniambia mhadhiri wao hajaonekana tangu mvua zianze. Alilisema hilo kwa furaha kubwa. Mimi ni mtu ambaye hata ibadani hawezi kukaa tuli, nikajiona nimelala hapo kwa miaka minne, nikaogopa.

Kumbe kulikuwa na njia nyingine. Kiwanda cha nyama kando ya barabara ya Namanga kilikuwa kinatafuta wanagenzi. Unafanya kazi siku nne kwa wiki, siku mbili unaketi darasani mjini Kajiado, na mwisho wake unapewa shahada ya usalama wa chakula, shahada kamili kama ya mtu yeyote. Niliipenda kazi hiyo kabla sijaijua. Tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikisimama karibu kuku akipasuliwa, nauliza hiki ni nini na kile ni cha nini, mpaka Mama anifukuze na mwiko. Niliomba kimyakimya, wakanichukua. Mama alikuwa wa kwanza kuambiwa. Aliisoma barua mara mbili, akauliza swali moja tu:

"Watakupatia gumbuti ama tutanunua?"

Kumwambia Baba nilikuahirisha mpaka Ijumaa, siku moja kabla ya karamu. Viti vya plastiki vya kukodi vilikuwa vimepangwa kando ya ukuta. Shangazi alikuwa ameshafika na nguo mpya kwenye mfuko. Baba alikuwa uani anamwogesha mbuzi. Naam, kumwogesha, na sabuni juu. Nikaona ni afadhali niseme mikono yake ikiwa na shughuli.

"Baba, siendi campus."

"Unaenda wapi?"

Nikamweleza yote, kiwanda, Kajiado, siku nne na siku mbili. Alisikiliza huku akisugua shingo ya mbuzi.

"Kwa hivyo ni digrii ya kuchinja."

"Ya usalama wa chakula, Baba."

"Mtu husoma kwanza ndio aende kazi, mami. Wewe unataka kufanya zote pamoja, kama mtu anakula ugali akioga."

"Lakini wanalipa." Nilidhani hapo nimemmaliza.

"Nilikuitisha pesa?"

Akammwagia mbuzi maji ya mwisho, akaifungua kamba, akamrudisha bandani akiwa bado anachuruzika. "Hii mbuzi ni ya yunivasiti," alisema bila kunitazama. "Ikingoja, itangoja."

Kesho yake wageni walikula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Haji alifika na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa safi, akatazama viti, akatazama jiko lisilo na moto.

"Mbuzi ni mgonjwa?"

"Hapana," Baba akasema. "Sherehe imesongeshwa mbele."

Haji alinitazama mimi, kisha akamtazama mbuzi aliyekuwa akicheua kwa raha. "Wallahi," alisema, "huyu ana bahati." Akakaa akala githeri pamoja nasi, kisu mapajani.

Basi nikaanza kazi. Nilikuwa nimekuja kuona ndani ya vitu, na kwa miezi ya kwanza nilichoona ni mpira wa maji, sakafu na matumbo ya kuoshwa. Bosi wetu alikuwa mama mmoja wa Kimaasai, msimamizi wa wakaguzi wa nyama. Kila asubuhi alitusalimu "Sopa," na aliyeitikia "Ipa" kwa sauti ya usingizi alirudishwa kwenye matumbo siku nzima. Mimi niliyajua matumbo vizuri sana. Baadaye akaanza kunifundisha kukagua: kutumia vidole kwanza na kisu baadaye, kupapasa mapafu, kutafuta tezi, kulipasua ini na kulisoma. Nikifanya pupa alinishika mkono. "Pole pole," alikuwa akisema. "Nyama haikimbii tena."

Siku za darasani tulisoma yaleyale kwa majina marefu. Baada ya somo la kwanza la bakteria hakuna aliyenunua sambusa pale nje kwa wiki nzima. Baadaye njaa ikatushinda, tukala na elimu yetu.

Hayo yote nilikuwa nikiyasimulia mezani jioni. Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Baba alimwomba Mama chumvi. Alikuwa na swali moja tu kwangu: "Kazi ilikuwaje?" Aliliuliza hata siku ninazotoka Kajiado nimekumbatia vitabu, ameviona kwa macho yake. Hilo liliniuma, sitaficha. Sikuhitaji anisifu. Nilichotaka ni mbuzi yule achinjwe, maana siku atakapochinjwa ndiyo siku Baba atakuwa amekubali kwamba ninasoma. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwombea mtu kifo, na mtu mwenyewe alikuwa mbuzi.

Naye mbuzi alinijua. Nikipita bandani jioni alinusa hewa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mbao. Nilioga kwa sabuni ya kila aina, nikamletea maganda ya ndizi, nikamsemesha kwa upole. Hakuthubutu kunisogelea. Alijua ninakotoka, na alijua wenzake waliofika huko hawakurudi. Baba alituona siku moja, akatikisa kichwa.

"Hata mbuzi anajua hiyo si yunivasiti."

Baba mwenyewe alikuwa ametekwa. Asubuhi alitoka naye kwenda dukani kama watu wawili wenye hisa, akamfunga karibu na lundo la mchanga, na mbuzi akapanda juu ya lundo akawa anasimamia biashara. Alikula kola ya koti langu jeupe la kazi. Alikula orodha ya bei. Baba alimtetea kwa yote. Shangazi naye hakuacha kupiga simu kutoka Tuala: "Ile nguo nivae ama niweke?" Haji alikuwa akichungulia juu ya ukuta kila mara, anauliza, "Mzee, huyu bado anaishi?" Nami nilikuwa ninaingia mwaka wa pili wa masomo, na kwa hesabu ya Baba bado sijaanza.

Ndipo ikaja Jumapili ya maharagwe. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na maharagwe ya Mama nyuma ya nyumba yalikuwa yamechipuka laini. Mbuzi alifungua mlango wa banda alfajiri, akayala yote na umande wake. Tulipokuwa tunavaa viatu vya kanisani tukamsikia Baba akipiga kelele uani.

Mbuzi alikuwa amesimama miguu imetanuka, ubavu wa kushoto umevimba umekaza, anagumia. Baba alikuwa amempigia daktari wa mifugo, daktari akasema yuko Matasia na hawezi kufika kabla ya mchana. Haji aliruka ukuta kwa umri wake ule, akiwa na vitu viwili: chupa ya mafuta ya kupikia na kisu.

"Mzee, amejaa gesi," alisema. "Naweza kumpa mafuta. Lakini akifa mikononi mwetu ni mzoga, hakuna mtu atamla. Ukitaka kuchinja, ni sasa. Amua."

Baba alikuwa ameshika pembe za mbuzi kwa mikono miwili, suruali yake ya Jumapili imejaa matope, na akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye umesoma," akasema. "Itapona ama tuchinje?"

Yalikuwa maneno niliyoyangoja tangu siku ile ya sabuni, na yalikuja wakati mbaya. Ningesema neno moja, chinjeni, mbuzi wa yunivasiti angechinjwa siku hiyohiyo kwa amri yangu. Nguo ya Shangazi ingevaliwa. Tena ukweli ni kwamba wanyama hai siwajui hivyo. Wangu hunifikia wakiwa wamemaliza shida zao zote. Kuhusu tumbo la gesi nilikuwa nimesoma Alhamisi iliyopita, ubaoni, chaki ya bluu.

Nikainama nikamfunua ukope. Ndani bado palikuwa na rangi ya damu. Nikanyanyua macho nikamwona Baba, na nikaona kidevu chake kinatetemeka.

"Atapona," nikasema, na sauti yangu haikuwa na hakika yoyote. "Haji, leta mafuta."

Tulimpandisha miguu ya mbele kwenye ngazi ya jikoni. Haji alimnywesha mafuta kidogo kidogo. Nilikata mpini wa mwiko wa Mama, ule wa kunifukuzia, nikamfunga kinywani kwa kitambaa ili autafune mate yamtoke, kisha nikaanza kuukanda ubavu kwa viganja. Mbuzi aliniacha nimguse. Hakuwa na la kufanya. Nilikanda mpaka mikono ikafa ganzi, Mama anaomba, Baba anamnong'onezea mbuzi maneno ya Kikuyu ambayo mimi mwanawe sijawahi kuambiwa.

Mbuzi akapiga mbweu. Ilikuwa mbweu ndefu, nzito, yenye harufu ya maharagwe yaliyooza, na ilimpata Baba uso mzima. Ikafuata nyingine. Ubavu ukaanza kulegea chini ya mikono yangu. Baba aliketi chini kwenye matope, akajipangusa macho kwa mkono wa shati, akasema ni ile harufu.

Kanisani hatukwenda. Tuliketi pale kwenye ngazi, mbuzi akiwa kati yetu.

"Hiyo maneno ya kijiti mlisoma lini?" Baba akauliza.

"Alhamisi."

"Huko Kajiado?"

"Huko Kajiado."

Akamkuna mbuzi shingoni. "Na mwalimu anafundisha vizuri?"

Nikamwambia anafundisha vizuri, ila anaandika vibaya. Akauliza tuko wangapi darasani. Akauliza kama kuna mitihani, na kama niliwahi kuanguka. Nilijibu yote. Aliendelea kuuliza mpaka daktari akafika kutoka Matasia akatukuta hatuna mgonjwa, akapewa chai.

Wiki iliyofuata pikapu ya Haji ilisimama langoni, akateremshwa mbuzi mweusi nisiyemjua. Viti vya kukodi vikarudi. Shangazi akaja na ile nguo, ikawa inambana, akasema ni kosa langu. Mchungaji alikuja, na wateja, na watu wote wa nyumbani kwa Haji. Haji akamchinja yule mweusi kwa kisu chake kilichongoja karibu miaka miwili. Kutoka juu ya ngazi ya jikoni, mbuzi wa zamani alikuwa akitazama.

"Na yule?" Haji akauliza.

"Hii nyeusi ni ya msichana," Baba akasema. "Ile ni yangu."

Moto ukawaka. Mchungaji, ambaye ni mtu wa nyama, alikuwa ameshafumba macho aanze kuomba, na Baba akainua mkono.

"Pastor, ngoja kidogo. Hakuna mtu ataguza nyama kabla huyu msichana aangalie. Yuko yunivasiti."

Alisema kwa sauti ya kuuzia simiti, wote wakasikia. Nikaletewa ini kwenye sinia. Nikainama haraka ili wasione uso wangu. Nikalipapasa kwa vidole. Nikaligeuza. Nikaomba kisu, nikalipasua taratibu, nikalisoma, nikaligeuza tena. Wageni walisimama kimya wanameza mate, mchungaji amefumbua jicho moja, Baba amekunja mikono kifuani anawatazama wanavyongoja.

Ini lilikuwa zima. Niliona hivyo tangu nilipolitupia jicho la kwanza. Lakini karamu hii nilikuwa nimeingoja kuliko mtu yeyote pale, na nyama haikuwa inakimbia tena, basi nikaligeuza mara nyingine.