Sauti Ambayo Severini Hakuitoa Redioni

Mama Faudhia, muuza dagaa wa sokoni Mpanda, alikuwa na bahati ambayo Restituta hakuwa nayo. Na Restituta aliikumbuka bahati hiyo kila Jumamosi asubuhi, maharage yakiwa jikoni na redio ikiwa dirishani.

Bahati yenyewe ilikuwa hii. Severini, mdogo wake Restituta wa tumbo moja, fundi baiskeli wa Majengo, alikuwa na kipindi redioni kilichoitwa Nani Huyo. Alikuwa anakohoa kidogo, kisha anageuka mtu mwingine, na wasikilizaji wanapiga simu kutaja ni nani. Alianza na wakubwa, watangazaji wa mpira na waheshimiwa wa bungeni, kama waigaji wote wanavyoanza. Lakini Mpanda ilimpenda zaidi alipowaiga watu wa hapohapo. Alikuwa anaziba pancha huku masikio yakiwa wazi, na mteja akiondoka na baiskeli yake, sauti anaiacha pale kwenye benchi.

Ukiigwa na Severini, wewe ni mtu. Mama Faudhia aliigwa akisifia dagaa wake, "Hawa wa Karema, baba, friji wameisikia kwa jirani," na tangu siku hiyo watu walikwenda kununua dagaa ili tu aseme maneno hayo. Katekista wa Magamba naye aliigwa akisoma matangazo ya Jumapili. Mwanzoni alilalamika parokiani. Baadaye waumini wakaona matangazo yanazidi kurefuka, na kikohozi chake kimekuwa cha redioni kabisa.

Restituta peke yake hakuigwa.

Na nani alimlea Severini? Mama yao alipofariki kule Kasekese, Severini alikuwa bado anavaa kaptula ya shule. Restituta ndiye aliyempikia, akamfulia, akamleta mjini na kumtafutia fundi wa kumfundisha kazi. Hata huko kuiga alikuona kabla ya mtu yeyote. Walipokuwa wanalinda mpunga dhidi ya ndege, Restituta akisinzia, Severini alikuwa anajificha nyuma ya tuta la jaruba na kutoa kikohozi cha baba yao. Restituta alikurupuka na kuanza kurusha mawe kwa ndege wasiokuwepo.

"Dada wa msanii," Mama Faudhia alimwambia siku moja akimpimia dagaa, "zamu yako lini? Au sauti yako imekosa chumvi?"

"Mimi sina haja ya kuchekwa," Restituta akajibu.

"Nani kasema kuchekwa? Mimi nachekwa, na duka linajaa. Wewe hata anayekucheka huna."

Restituta alicheka kidogo ili aonekane amecheka. Alipofika nyumbani aliwakaanga wale dagaa mpaka wakaungua.

Tangu hapo alianza kumpelekea Severini chakula pale kwenye benchi lake, na kila akifika alizungumza kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake. Alimwaga methali. Aligombeza kuku wa watu. Nyumbani alikuwa na usemi wake, aliourithi kwa mama yao, kwamba mtu akiacha mlango wazi wakati wa kula anaambiwa, "Funga mlango, nzi hawajabatizwa hao." Alijaribu kuusema hata pale barabarani, pasipo na mlango. Severini alikula, akamshukuru, akarudi kwenye gurudumu. Jumamosi ilipofika, akamwiga fundi cherehani.

Restituta alikuwa mtu wa sala. Kwaresima aliupeleka wivu ule kwenye kitubio, na malipizi aliyopewa akayasali yote bila kuruka hata Salamu Maria moja. Jumamosi iliyofuata redio ilipowashwa, wivu ulikuwa umeshakaa kwenye kiti chake.

Kisha Severini akaugua figo. Alivimba miguu, akaacha kwanza baiskeli, halafu redio. Restituta alimhamishia kwake. Mchana mmoja, akimshikia kikombe cha uji, alishindwa kuvumilia.

"Seve, nikuulize kitu."

"Uliza, dada."

"Mpaka katekista umemwiga. Mimi nimekukosea nini?"

Severini alicheka mpaka uji ukamwagika. Alipotulia akasema, "Wewe dada huigiki," kisha akageukia ukutani akalala.

Neno hilo lilimkaa Restituta kama mwiba wa samaki. Huigiki. Alilichukua kama alivyolisikia, kwamba yeye ni mwanamke wa maji matupu, hana ladha wala harufu, hata aliyekula chungu chake miaka yote hana cha kuchukua kwake. Hakumwuliza tena. Bwana alimwita Severini wakati watu wanachoma majani mashambani wakisubiri mvua, na neno likabaki bila kufafanuliwa.

Walimzika Kasekese, kando ya kaburi la mama yao. Watu wa redio walikuja na gari, Mama Faudhia akaja na wanawake wa sokoni. Waliporudi kutoka makaburini, wakiwa wamekaa kwenye mikeka, akatokea Jonas, mtani wa ukoo wao, bodaboda aliyekuwa akimpeleka Severini redioni kila Jumamosi. Alikuwa amevaa ovaroli la marehemu lenye madoa ya grisi na kofia yake. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, kumrudisha marehemu kidogo ili waliobaki wapate kupumua.

Jonas alitembea kama Severini, goti moja likichelewa. Akajifuta mikono mapajani, akabonyeza tairi lisilokuwepo, akakohoa. Wanawake walicheka na kulia kwa pamoja.

"Tupe Mama Faudhia," mtu akasema.

Jonas akamtoa Severini anayemtoa Mama Faudhia, na Mama Faudhia mwenyewe akajifunika kanga akilia kwa kwikwi. Restituta alimwona akichungulia pembeni ya kanga, aone ni wangapi wanamtazama. Akainamisha kichwa. Hata msiba wa mdogo wangu, akawaza, mwenyewe ni huyu.

"Bado, nyie," Jonas akasema kwa sauti ya Severini. "Mimi sijapasha koo."

Akashika kiuno, akainamisha shingo upande mmoja. "Funga mlango," akaanza taratibu, na kabla hajamaliza, kutoka kwenye mkeka wa watu wa redio sauti nne tano zikaitikia, "nzi hawajabatizwa hao." Kisha wakafumba midomo kwa aibu.

Restituta aliinua kichwa. Watu wale hawakuwahi kukanyaga jikoni kwake.

"Mke wangu, usinune," Jonas akamwambia, maana mtani husema apendavyo. "Kila Jumamosi, kabla kipindi hakijaanza, alipasha koo kwa sauti yako. Hata njiani. Ananigombeza nifunge mlango, na pikipiki haina mlango."

"Mbona hakunitoa hewani?"

Jonas akavua kofia. "Nilimwuliza. Akasema, hao wengine nawagawia watu. Dada nikimtoa, kesho kila mtoto wa Mpanda anaye. Nitamwonea wivu."

Restituta alikaa akiitazama ile kofia mikononi mwa Jonas.

Jioni, watu wakijiandaa kuondoka, Immaculata, mtangazaji wa redio, alimfuata uani akiwa na simu mkononi. Alikuwa amemrekodi Severini siku moja akipasha koo. Walitaka kufungulia kwa rekodi hiyo kipindi cha kumkumbuka.

"Mpanda nzima itakusikia, mama."

Mama Faudhia, aliyekuwa anaosha sahani, aliacha maji yatiririke. "Kubali, mwenzangu. Zamu yako imefika."

Restituta aliichukua simu, akaingia jikoni, akaiweka sikioni. Alijisikia akiita. "Seve, njoo ule, uji unapoa. Funga mlango." Haikuwa sauti ya kuchekesha. Ilikuwa yake mwenyewe, pamoja na ule uchovu wa jioni aliodhani hakuna aliyewahi kuusikia. Alisikiliza tena, na tena, kisha akatoka.

"Nirushie kwenye simu yangu," akasema. "Halafu futa ya kwako."

"Nifute, mama?"

"Futa nikuone."

Immaculata alifuta.

"Una roho wewe," Mama Faudhia akasema. "Kitu umekililia miaka yote."

"Ninayo," Restituta akajibu, akachukua kitambaa na kuanza kufuta sahani.

Jumamosi hiyo Nani Huyo ilirudi kwa mara ya mwisho. Walitoa dagaa wa Karema, wakamtoa katekista na fundi cherehani, na kwa majirani vicheko vikasikika. Restituta alisikiliza mpaka mwisho huku akikoroga maharage. Akazima redio, akamwombea ndugu yake raha ya milele, kisha akafunga mlango wa jikoni na kuichukua simu.