Maziwa ya Timu ya Dawa

Ilianza siku ya Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Saa naijua kwa sababu Mama huitaja kila anaposimulia, kama vile watu hutaja saa mtoto alipozaliwa. Chai ya wafanyakazi hutoka saa tatu na nusu, naye alikuwa amebakisha kupiga dawa mistari miwili ya waridi ndipo atoke. Paipu ikapasuka karibu na mkono wake. Dawa ikamrukia shingoni, ikaingia ndani ya ovaroli, ikamlowesha kifua mpaka kiunoni. Maski aliyokuwa amevaa ilikuwa na kichujio cha tangu Krismasi.

Wakamwosha kwa mpira wa maji, wakamkalisha juu ya kreti, na supavaisa akampa maziwa. Huo ndio utaratibu wa shamba lile la maua. Anayepiga dawa hupewa pakiti ya nusu lita kila siku ya kazi, ati maziwa huosha sumu mwilini. Unapewa, unatia sahihi kwenye kitabu, unakunywa. Siku hiyo, kwa sababu ya paipu, Mama akapewa pakiti mbili.

Alifika nyumbani Ruring'u jioni, macho mekundu, sauti imekwama. Akafungua mkoba, akatoa pakiti zote mbili, akaziweka mezani.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa kidato cha kwanza, niliona pakiti mbili badala ya moja, nikafurahi. Moja tulipikia chai ya maziwa matupu, bila tone la maji. Ya pili dada yangu mdogo aliikata pembe kwa meno akainywa baridi. Mama alikuwa amelala akitazama ukuta, anakohoa. Nilipompelekea kikombe alisema, "Kunyweni nyinyi. Mimi nimekunywa huko."

Hakuwa amekunywa. Hakuwahi kunywa. Miaka tisa katika timu ya dawa, na kila jioni pakiti ilikuja nyumbani imefungwa kwa leso ikiwa bado baridi kidogo. Baba hatuna wa kutajwa, ng'ombe hatuna, kwenye ploti tumepanga chumba kimoja na jiko la nje. Majirani walikuwa wakitutania, "Nyinyi mnalelewa kama ndama." Mimi nina miguu mirefu na meno mazuri. Nilikuwa nikijiangalia kwa kioo nikijua vimetoka wapi.

Huu ni mwaka wa tatu sasa. Kifua cha Mama hakikurudi. Vidole vinatetemeka, hadi siku hizi mimi ndiye humtilia uzi kwenye sindano. Lakini kitu ambacho watu hawaamini ni harufu. Harufu yoyote kali inamfunga koo: mafuta ya taa, rangi ya kucha, sabuni ya unga, manukato. Kanisani hawezi kukaa ndani na akina mama wenzake kwa sababu ya mafuta wanayojipaka Jumapili. Anawekewa kiti cha plastiki nje, chini ya dirisha, na anaimba akiwa huko, nusu ya ubeti halafu anapumzika. Kuna mtu aliuliza kama amefukuzwa ushirika.

Nyumbani tunafua kwa sabuni ya kipande. Mimi sijipaki kitu. Msichana wa miaka kumi na sita, darasa la wasichana arobaini, kila mtu ananukia stroberi, mimi sinukii chochote. "Huyu unaweza kumkalia," mmoja alisema, "hutajua kama kuna mtu." Wakacheka. Nilicheka pia. Mimi si mtu wa kujibu. Kila ripoti yangu ya shule imeandikwa: ajaribu kuongea zaidi.

Shamba lilikuwa limempa Mama kadi ya kliniki yao. Kwa kadi hiyo alipata kila mwezi pampu ya kupulizia mdomoni na vidonge vya kifua. Bila pampu hapumui usiku, ni hivyo tu. Baada ya mwaka mmoja hivi wakamwita ofisini. Walitaka kuamua kama ugonjwa wake ni wa kazini au ni wa nyumbani. Ukiwa wa kazini, kadi inabaki. Ukiwa wa nyumbani, inarudishwa.

Ilikuwa likizo ya Aprili, kwa hivyo nilienda naye kumbebea mkoba. Shamba liko juu, ukipita Kiganjo, na kutoka getini hadi ofisini kuna mlima mdogo. Mama alisimama mara tatu. Kila aliposimama alijifanya anaangalia maua.

Ndani walikuwa watu watatu: meneja, nesi wa kliniki, na supavaisa wa Mama, ambaye pia ni mwenzake kanisani. Meneja alikuwa na heshima. Aliinuka, akamvutia Mama kiti. Sijui kwa nini hilo linaniuma zaidi.

"Pole, mama," akasema. "Nyumbani mnapikia nini?"

"Makaa. Na kuni, wakati mwingine."

Nesi akaandika.

"Mnafuga kitu?"

"Kuku wawili."

Kuku pia wakaandikwa.

Halafu meneja akafungua kitabu cha maziwa. Kilikuwa kikubwa, pembe zimejipinda. Akageuza kurasa polepole, na kwenye kila ukurasa nikaona sahihi ya Mama, ile yenye mkia mrefu anayotumia hata kwenye barua zangu za shule.

"Miaka tisa," akasema. "Hukukosa hata siku moja. Kampuni imekupa kinga kila siku. Na ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa nakunywa," Mama akasema.

Huo ndio uongo wa pekee nimewahi kumsikia akisema mbele ya watu. Alikuwa ameshika mikono yake isitetemeke. Supavaisa alikuwa anaangalia viatu vyake. Alijua. Hakuna mama wa timu ya dawa aliyekuwa anakunywa maziwa yale. Wote walikuwa wakibeba.

Ndipo meneja akanigeukia, anatabasamu. "Na huyu ndiye msichana wako? Umekua vizuri. Uko kidato cha ngapi?"

"Cha pili."

"Hongera. Mama huwaletea maziwa?"

Nilikuwa na hasira kwa sababu ya wale kuku. Kuku wawili, wanatuhumiwa! Nilitaka huyu mtu ajue Mama ni mtu wa namna gani, kwamba hata katika ugonjwa wake alituwaza sisi. Na sauti yangu, ambayo haitoki darasani hata nikijua jibu, ikatoka.

"Alituletea sisi," nikasema. "Kila siku. Hata ile siku ya paipu alituletea zote mbili. Yeye hakunywa hata moja."

Nesi akaacha kuandika kidogo. Halafu akaandika sana.

"Asante kwa ukweli wako," meneja akasema.

Tukateremka. Kuteremka pia Mama alisimama mara tatu. Mara ya tatu akaniwekea mkono begani. Yeye huniita Mami, kwa sababu nina jina la mama yake aliye Kangema.

"Mami," akasema, "umeongea vizuri. Kiswahili safi."

Hakusema kingine, siku hiyo wala siku zilizofuata. Afadhali angenipiga.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Ilisema mfanyakazi alipewa kinga na hakuitumia kama alivyoagizwa, kwa hivyo kampuni haiwezi kubebeshwa ugonjwa huo. Supavaisa alikuja mwenyewe Jumapili kuchukua kadi. Alileta maua, yale ya rijekti ambayo hayafai kwenda ng'ambo, shada zima limefungwa kwa raba.

"Dada yangu, ningefanya nini?" akasema akiwa mlangoni. "Msichana mwenyewe ndiye alisema."

"Hujafanya kitu," Mama akamjibu, na kweli hakuwa amefanya kitu.

Watu hufikiri waridi la shambani linanukia waridi. Linanuka dawa. Nilisubiri aende, nikayatupa kwa kuku. Hata wao hawakuyagusa.

Kilichofuata sikukijua mpaka niliposhikwa kwenye mfereji wa ploti. Jirani yetu wa chumba cha tatu yuko timu ya dawa bado. Alikuwa anakinga maji, nikasalimia kwa sauti yangu ile ya chini. Akafunga mfereji.

"Wewe kasichana. Miaka yote umekuwa bubu, ukaona siku ya kufungua mdomo ni hiyo?"

Sikuelewa.

"Ati hujui? Siku hizi tunakunywa tukiwa kwa laini mbele ya supavaisa. Ukimaliza unafungua mdomo, anaangalia kama umemeza. Mimi mama mzima! Kama mtoto wa chanjo. Na watoto wangu sasa ni chai ya strungi, bila maziwa, asubuhi na jioni. Haya, asante sana."

Akabeba ndoo yake. Alikuwa anakohoa akienda. Nilikijua kile kikohozi, kavu, kifupi, kama mtu anayebisha mlango wa wenyewe.

Nilijipa hesabu yangu. Kama nisingezaliwa na kiu ya maziwa, Mama angekunywa. Kama angekunywa, dawa ingeoshwa, angekuwa mzima. Nilikunywa kinga ya mama yangu miaka tisa, halafu nikaenda kuitangaza. Sikula kitu chenye maziwa kwa karibu muhula mzima. Dada yangu alifikiri naogopa kunenepa.

Bila kadi, pampu tulianza kununua moja na kuivuta miezi miwili, Mama akipuliza pale tu midomo inapogeuka rangi. Kisha Jumatano moja ya mwezi uliopita mwenye ploti alipaka geti rangi. Nilirudi shule nikamkuta Mama sakafuni karibu na mlango, ameshika shingo kwa mikono miwili. Jirani yuleyule wa chumba cha tatu ndiye alitusaidia kumwingiza kwenye teksi. Alimshika miguu, hakuniangalia.

Hospitalini mjini walimwekea hewa. Jioni daktari akaja, mwanamke mdogo, hajanizidi miaka mingi sana. Aliuliza maswali, mengine nikajibu kwa kichwa. Alipomaliza kuandika akainuka, na nikajua akitoka sitauliza tena maisha yangu yote.

"Daktari. Kama angekunywa maziwa?"

"Maziwa gani?"

Nikamweleza. Pakiti, kitabu, sahihi, sisi. Nilieleza nikiangalia kitanda. Alikaa tena chini.

"Sikiza," akasema. "Maziwa ni chakula. Hayaoshi dawa ya maua. Hii iliingia kwa ngozi na kwa pumzi, hata angekunywa debe zima isingebadilika kitu. Alihitaji maski nzuri, nguo isiyopitisha, na mtu wa kumleta hospitali siku ileile. Nani aliwaambia maziwa ni dawa?"

"Kila mtu," nikasema.

Nilidhani nitahisi mzigo umetoka. Haukutoka, uligeuka tu upande. Kumbe sikunywa uzima wa Mama. Nilikunywa maziwa, kama mtoto mwingine yeyote. Lakini maziwa yaleyale yasiyoweza kumponya yaliweza kumnyang'anya kadi, na mdomo ulioyataja ni wangu. Mama alikuwa amefumba macho, hewa inamwingia puani kwa kipaipu. Nikajua amesikia, kwa sababu chozi lilimtoka upande mmoja likaingia sikioni. Miaka tisa aliamini anajinyima kinga yake ili tunywe, na alikuwa amekubali. Kumbe hakukuwa na kinga ya kujinyima; hata hiyo zawadi wakamchukulia.

Nilimwomba daktari aandike yale maneno.

"Atasoma nani?"

"Akina mama wa timu."

Akaandika kwa Kiswahili nusu karatasi, herufi kubwa kubwa, akatia sahihi. Waliniruhusu kumrudisha Mama nyumbani usiku huo, na pampu moja mpya.

Asubuhi yake niliamka saa kumi na moja, nikavaa sare ya shule, nikaenda kwenye steji karibu na uwanja, pale basi la shamba huchukulia watu. Kulikuwa na kibaridi cha kuuma masikio. Akina mama walikuwa kama kumi, wamejifunga leso juu ya ovaroli. Jirani alikuwa mbele.

"Huyu tena," akasema. "Leo umetuletea nini?"

Mmoja akacheka. Nikafungua karatasi, nikasoma. Nilisoma yote mpaka mwisho, na nilipoinua macho wote walikuwa wamenielekezea sikio.

"Hatujasikia kitu," mama mmoja mzee akasema. "Kwani unasomea kuku? Paza."

Nikasoma tena.

Nilisikia vikohozi, kimoja huku, kimoja kule, kama vinaitikiana. Halafu yule mzee akasema, "Sasa kama si dawa, si wangetuacha tuwapelekee watoto?" Jirani akanyoosha mkono akachukua karatasi. Aliisoma kimya, midomo ikitembea. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya soksi, akavaa gambuti juu yake.

"Leo aniambie fungua mdomo," akasema. "Nitafungua, na ukweli wa maziwa yake atausikia. Na maski mpya nitaitaka mbele ya wote."

Basi likaja. Nilikuwa nimetumaini, sijui, kwamba mmoja angebaki. Wote walipanda.

Shule nilikuwa nimechelewa tayari, kwa hivyo nilirudi nyumbani kwanza. Nikachemsha chai ya rangi, nikampelekea Mama kitandani. Alishika kikombe kwa mikono miwili kisimwagike.

"Ulikuwa wapi?"

"Steji."

Akapuliza chai, akanywa kidogo. "Sauti ilitoka?"

"Mara ya pili," nikasema.

Nikachukua mkoba wangu nikaenda shule, nikapigishwa magoti kwa kuchelewa, na nilipoulizwa sababu nikaisema.