Supu Kabla ya Kuagiza

Wenzangu tuliokulia ughaibuni, Columbia Heights, miaka ile ya tisini, mtakumbuka kwamba kwenda kula hotelini kulikuwa sikukuu. Sisi tulipelekwa mara ya kwanza kwa sababu ya mimba ya mama.

Mimba ilikuwa changa na chakula hakikai tumboni. Ugali alitapika, wali ukafuata, hata chai. Daktari alishasema akizidi kukonda atalazwa. Alichotamani ni supu ya mifupa tu, nzito, inayonata midomoni, lakini baba kila alipoichemsha, mama alikimbilia chooni kabla sufuria haijaepuliwa.

Jumamosi moja ya theluji, tukitoka kliniki, tulipita kihoteli cha Wajapani. Mama akamwambia baba asimamishe gari. Mlango ulipofunguliwa, harufu ile! Mimi na dada yangu Njeri tulisukumana kuingia. Madirisha yalijaa mvuke, na nyuma ya kaunta sufuria ndefu kama mimi ilikuwa ikitokosa mifupa ya nguruwe, mchuzi mweupe kama maziwa.

Baba alijiona yuko buchani kwao Nyeri, ambako hupewa supu bure ukingoja nyama. Akamwomba mpishi kikombe kimoja kabla hatujaagiza chochote. Njeri alijifunika menyu usoni, akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba mtu huyu hatumjui. Mpishi, mzee aliyejifunga kitambaa kichwani, alimtazama baba, kisha mama aliyeegemea ukuta. Akachota bakuli, akamletea mama yeye mwenyewe, akasimama hapo hapo.

Mama akanywa funda moja. Tukangoja. La pili. Baba alikwisha kumshikia koti, tayari kumkimbiza nje. Mama akainua bakuli kwa mikono miwili, akalimaliza, akajifuta midomo.

"Baba Njeri, mwambie aongeze. Na hawa watoto wapewe."

Mabakuli yetu yalikuja na tambi ndani ya supu. Tulizivuta kwa kelele, mchuzi ukaturukia mashavuni. Mama, ambaye wimbo wake mezani ulikuwa "Funga mdomo ukila", siku hiyo alicheka tu.

Mtoto yule wa tumboni leo ana ndevu. Hupiga bakuli picha mpaka mafuta yagande, ndipo aonje. Siku nyingine huagiza kwa simu, akaletewa mlangoni tambi zilizokwisha kuvimba. Anakula vizuri, sikatai. Ila mpishi wake hajui amempikia nani, wala hasimami kando ya meza kuona kama supu imeshuka salama.