Daktari Aliyeuliza Idadi ya Ng'ombe

Nicodemus Wamalwa alifungua kliniki yake ya mifugo mjini Nakuru mwezi wa Februari 1958, katika chumba cha mabati huko Bondeni ambacho zamani kilikuwa ghala la ngozi. Mkewe, Naliaka, alisugua sakafu kwa majivu na sabuni siku tatu mfululizo. Hata hivyo, kila mvua iliponyesha harufu ya ngozi ilirudi, kama mpangaji wa zamani aliyesahau kitu.

Nicodemus alikuwa mtoto wa landi ya reli, zile nyumba za wafanyakazi. Babake alifunga vyuma vya mabehewa miaka ishirini ili mwanawe afike Makerere, na mwana akafika. Kisha akatumikia serikali miaka tisa, akichanja ng'ombe wa mashamba ya Njoro, Rongai na Subukia. Ng'ombe akipona, ripoti ilitiwa sahihi na mtu mwingine. Hakuwa na kinyongo kikubwa. Alitaka tu mlango wenye jina lake.

Siku aliyoaga, mkubwa wake alimshika mkono akamwambia, "Nafasi yako nitaiweka mpaka mwisho wa Aprili. Kupita hapo, sitaweza." Yalikuwa maneno ya wema, na ndiyo yaliyomnyima raha. Mlango wa nyuma ukiwa wazi, mtu haachi kuutazama.

Alijiandaa kama alivyofundishwa. Alinunua daftari kubwa akalipiga mistari kwa rula: jina la mwenyewe, shamba analoishi, idadi ya ng'ombe, ugonjwa, dawa.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee Hiram, mkama ng'ombe wa shamba moja la Rongai, aliyekuja kuulizia mbuzi wake waliokohoa. Nicodemus alimkaribisha kiti, akachovya kalamu.

"Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Hiram alitazama kalamu, akatazama daftari. Akachukua kofia yake magotini.

"Kuna kitu nimekumbuka, daktari," akasema, akatoka.

Hakurudi. Machi ikaisha na daftari lina punda wa mkokoteni wa maji na mbwa wa fundi cherehani aliyemeza kifungo. Watu walipita mlangoni, wakasoma kibao, wakaendelea na safari yao. Naliaka hakumuuliza neno, ila Jumapili moja alipokuwa akipiga pasi shati alisema taratibu, "Hii kola ya kazi ya serikali bado nzima. Niiweke?"

"Iweke," Nicodemus akajibu.

Asubuhi moja katika wiki ya mwisho ya Aprili, aliingia mama wa Kikipsigis mwenye umri wa kuwa mamake, miguu ina vumbi hadi magotini. Aliitwa Jepkorir. Alikuwa ametembea kutoka shamba la mzungu upande wa Lanet, ambako mumewe alikuwa kibarua na wao wakiishi hapo hapo kwa ruhusa ya mwenye shamba.

"Ng'ombe wangu amezaa jana," akasema. "Leo amelala. Shingo ameikunja ubavuni, masikio ni baridi kama mawe ya mtoni."

Nicodemus aliujua ugonjwa huo kabla mama hajamaliza. Ni homa ya maziwa: damu imeishiwa madini ya chokaa, na mnyama asipodungwa mapema hufa akiwa macho. Akachukua chupa ya dawa, na mkono wa pili, kwa mazoea, ukafungua daftari.

"Kwa jumla una ng'ombe wangapi, mama?"

"Kwani hao wengine nao wamezaa?"

"Hapana, ni kuandika tu."

Jepkorir akaweka kiganja chake juu ya ukurasa. "Wewe kijana, uliacha serikali lakini kalamu yako haijaacha. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo, ni kumwita balaa. Na pale shambani tumeruhusiwa watano. Ukiandika saba, hiyo karatasi itasomwa na nani? Tuliona ng'ombe wetu wakifagiwa na serikali mashambani miaka ile, na kulianza hivi hivi, kijana mpole na daftari."

Nicodemus akaiweka kalamu chini. Akamkumbuka babu yake kule Bukusu, aliyesimama langoni jioni akiwatazama ng'ombe wakiingia mmoja mmoja, akijua aliyekosekana bila kutamka idadi hata siku moja. Ni yeye aliyemfundisha kupenda mifugo. Katika kupiga mistari yote ile, huyo babu alimwacha wapi?

"Sasa niulize nini, mama?"

"Uliza jina lake. Anaitwa Samo."

Akalifunga daftari, akampakia mama nyuma ya baiskeli, chupa akaibana kwapani ipate joto. Walipita njia ya ndani, katikati ya vichaka vya leleshwa, Jepkorir akicheka kila walipoingia shimoni, akisema mumewe akimwona amebebwa na kijana atadai arudishiwe mahari.

Samo alikuwa amefichwa bondeni. Alikuwa na mabaka ya kahawia na meupe, na kiwele kikubwa ambacho ng'ombe wa kienyeji hawanacho.

"Huyu babake ni nani?" Nicodemus akauliza, akitafuta mshipa shingoni.

"Fahali wa mzungu aliruka ua. Mimi sikumwalika."

Akainua chupa, dawa ikashuka polepole. Kwa muda hakukuwa na dalili. Kisha ngozi ya Samo ikatetemeka, akacheua, akageuza kichwa. Kabla chupa haijapoa mkononi, alikuwa amejiinua kwa miguu ya nyuma, akayumba, akasimama. Ndama akaja mbio. Jepkorir aling'oa nyasi akazitia mkononi mwa Nicodemus kama baraka, akasema kwa lugha yake maneno ambayo kijana hakuyaelewa wala hakuomba atafsiriwe.

Jioni hiyo aliandika barua ya kumshukuru mkubwa wake na kumwambia nafasi apewe mwingine. Kisha akanunua daftari jipya, hakulipiga mistari kwa rula, akaandika ukurasa wa kwanza: Samo, mabaka, amezaa, amesimama. Hakuandika jina la mwenye ng'ombe wala shamba.

Wiki ya pili Hiram alirudi, kofia kichwani.

"Nasikia siku hizi unauliza majina."

"Ndiyo, mzee. Karibu."

Hiram akavua kofia, akakaa, akaanza na mbuzi.

Jepkorir na mumewe walihamia Olenguruone mwaka uliofuata, na Nicodemus hakumwona tena. Madaftari yakajaa, rafu ikajaa. Kila alipoanza daftari jipya aliacha ukurasa wa kwanza mtupu, ukurasa wa Samo. Naliaka alidhani anaogopa wino kuvuja.