Kiti cha Mama Mkwe

Majidi, fundi wa shokapu pale Ng'ambo, Tabora, aliwadharau wenye magari kwa ngazi. Chini kabisa aliwaweka wanaopiga tairi teke kisha wakatikisa kichwa kama daktari. Juu yao kidogo waliketi wale wanaokuja na ugonjwa wameshautaja wenyewe. Octavian, msimamizi wa ghala la asali, alienea ngazi zote mbili.

Alifika Jumatano asubuhi na mkewe, Recheli. Gari lao dogo lilikuwa na vitambaa vyekundu vitini na manukato yakining'inia kiooni, na nyuma limeinuliwa kama bata aliyezamisha kichwa.

"Gari zima kabisa, fundi," Octavian alisema, akilipiga tairi teke. "Huyu ndiye anadai linarusha. Barabara mbovu, mimi nifanyeje?"

"Sasa umeniletea gari au mkeo?"

Recheli hakucheka. Mama yake, Bernadeta wa Puge, aliumia mgongo alipoanguka na ndoo kisimani, na hospitali ya Tabora ilimtaka afike kwa mazoezi kila Ijumaa. Alikwenda mara tatu. Sasa anasema amepona.

"Hajapona, kaka Majidi. Akiokota kijiko anashika ukuta. Keshokutwa asipotokea wanampa mtu mwingine nafasi yake."

"Mbona hajalalamika?" Octavian alidakia. "Nimemwendesha mara tatu, hajasema hata 'ah'!"

Majidi alimtazama. "Huwa anakaa wapi?"

"Nyuma. Si mkwe wangu?"

"Mnaongea?"

"Shikamoo, marahaba, basi. Mkwe utaongea naye nini?"

Hapo Majidi aliuona ugonjwa kabla hajagusa gari. Mama wa heshima zake, hata akivunjika mbavu, hatamwambia mume wa binti yake kwamba usafiri wake ni adhabu. Atasema amepona, abaki nyumbani. Na huyu bwana alikuwa ameichukua adabu ya mama wa watu akaifanya cheti cha ukaguzi wa gari.

Alikandamiza boneti kwa viganja viwili, akaachia. Ikainuka mara moja, ikatulia.

"Shokapu za mbele mpya."

"Nilibadilisha mwezi wa tatu. Usukani si uko mbele?"

Majidi alizunguka gari. Alikandamiza nyuma. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena. Akahesabu mara nne. Akapitisha kiganja kwenye tairi la nyuma, akakuta mabonde na vilima. Kisha akalala chini. Shokapu moja ilikuwa imelowa oili, vumbi limegandamana juu yake, na katikati ya springi mlikuwa mmeshindiliwa vipande vya tairi la lori.

"Raba hizi nani kaziweka?"

"Jamaa mmoja wa Igunga. Zinapandisha gari lisigonge matuta."

"Zimepandisha gari, zikampandisha na mkweo mpaka darini. Haya, ingia nyuma."

"Mimi?"

"Kiti kilekile cha mama."

Majidi akashika usukani, Recheli akakaa mbele, wakaenda njia ya vumbi ya Ntalikwa kwa mwendo ambao Octavian mwenyewe aliutaja kuwa ndio wake. Tuta la kwanza lilimgongesha kichwa. La pili lilimfanya amwite mama yake mzazi.

"Taratibu, fundi! Kiuno changu!"

"Nyamaza, mzee. Mkwe huwa hasemi."

Recheli aligeuzia uso dirishani, mabega yakimtikisika.

"Hapa Tabora watu walibebwa kwa machela enzi za misafara," Majidi aliendelea, "na nadhani walifika wakiwa na afadhali."

Waliporudi Octavian alishuka akishika ukuta wa gereji. Habari ya barabara mbovu ilikuwa imemwishia.

Majidi alizing'oa raba akazitupa mbali. Alifunga shokapu mpya pande zote mbili, hata upande ambao haukuvuja, kwa kuwa gari lenye shokapu moja mpya hutembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Akaweka na bushi mpya, vile vipira vya kwenye maungio. Bolti za chini hakuzikaza mpaka aliposhusha jeki, gari likabeba uzito wake, maana bushi inayokazwa gari likining'inia huchanika mapema. Akakandamiza nyuma. Ikainuka mara moja, ikatulia.

Ijumaa saa nne gari, likitoka hospitali, lilivuka mtaro wa gereji. Majidi hakumtazama dereva. Alitazama kioo cha nyuma, ambako kilemba cha Bernadeta kilipanda kidogo kikashuka, basi. Octavian alikwisha kuteremka, anamweleza Ngollo, mziba pancha, jinsi alivyohisi mapema kwamba tatizo liko nyuma.

Bernadeta aliinamia sikio la bintiye, ingawa mkwewe alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo.

"Mwambie mwenye gari, Ijumaa ijayo anipitie saa moja. Nisichelewe mazoezi."

Octavian akamgeukia Majidi, kifua mbele.

"Umesikia, fundi? Si nilikwambia gari zima?"